MAISHA YA LEONHARD EULER, MTU ALIYEHESABU GIZANI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mwanafunzi aliyepata kuandika alama ya π katika daftari lake la Hesabu ameifuata desturi iliyoenezwa duniani na Leonhard Euler, ambaye jina lake hutamkwa Oila. Mtu huyu alifariki zaidi ya miaka 240 iliyopita. Aliandika vitabu na makala zaidi ya 800, na karibu nusu ya kazi hizo alizitoa baada ya kupungukiwa sana na nuru ya macho. Kati ya mambo aliyoyathibitisha akiwa kipofu, moja lahusu namba 2,147,483,647. Nimeona yafaa niwaeleze habari za maisha yake, na jinsi mtu asiyeona karatasi alivyoweza kuwa na hakika juu ya namba kubwa namna hiyo.

Bwana Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1707, katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na mama yake, Margaretha, alikuwa binti wa mchungaji vile vile. Mtoto alilelewa katika kijiji cha Riehen, karibu na mji huo. Baba yake alipokuwa kijana alisoma Hesabu kwa mwalimu mashuhuri, Jakob Bernoulli, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa mwanawe mafunzo ya kwanza nyumbani.

Alipofika umri wa miaka 13 Leonhard aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Nia ya baba ilikuwa mwanawe awe mchungaji kama yeye. Lakini kijana akamwendea Johann Bernoulli, ndugu yake Jakob, akamwomba amfundishe Hesabu. Mwalimu huyo alikuwa na kazi nyingi, akakataa kumfundisha peke yake. Hata hivyo alimpa vitabu vigumu avisome mwenyewe, na akamruhusu aje kila Jumamosi alasiri kuuliza yale yaliyomshinda. Leonhard akajitahidi juma zima ili afike kwa mwalimu akiwa na maswali machache iwezekanavyo. Ndivyo alivyojifunza kutafuta njia mwenyewe kabla ya kuomba msaada. Mwalimu alipoona akili ya kijana huyu alizungumza na baba yake, naye mzee akakubali mwanawe aifuate Hesabu.

Alipokuwa na umri wa miaka 19 aliomba kazi ya ualimu wa Fizikia katika chuo chake, akakosa. Basi akaikubali kazi ya mbali. Tsar Peter wa Urusi alikuwa ameagiza kianzishwe chama kikuu cha wataalamu, yaani Akademia ya Sayansi, katika mji wa St Petersburg, na wana wawili wa Johann Bernoulli walikuwa wamekwenda huko. Euler akafunga safari, akafika St Petersburg mwezi wa Mei, 1727. Mwaka 1733 akapewa cheo cha kuongoza kazi za Hesabu katika Akademia. Mwaka 1734 akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji wa picha. Walizaa watoto 13, lakini ni watano tu waliovuka utoto.

Kazi yake katika miaka hiyo ilikuwa kubwa mno. Alichora ramani za Urusi, akaandika juu ya merikebu na muziki, akapata jibu la maswali yaliyowashinda walimu wake. Mtaalamu mwenziwe, Christian Goldbach, alimwandikia mwaka 1729 kumwuliza juu ya namba tasa. Pengine baadhi ya wazazi wetu wamelisahau jina hili, kwa hiyo nalieleza. Mkulima wa zabibu wa Hombolo akiwa na miche 12, aweza kuipanda kwa mistari 3 yenye miche 4, au mistari 2 yenye miche 6. Akiwa na miche 13, hana namna ya kupata mistari iliyo sawa, isipokuwa aipande yote katika mstari mmoja, au kila mche usimame peke yake. Namba kama 13, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo iitwayo namba tasa.

Goldbach alitaka kujua kama ni kweli alivyodhani Mfaransa Pierre de Fermat, kwamba namba fulani zilizofuata utaratibu wake zote ni tasa. Moja ya hizo ilikuwa 4,294,967,297. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba namba hiyo si tasa, kwa kuwa ni 641 mara 6,700,417. Hivyo neno la mkubwa aliyeheshimiwa na wote likatanguka kwa hesabu ambayo kila mmoja wetu aweza kuirudia kwa kalamu.

Mwaka 1735 Euler alishikwa na homa kali, nusura afe. Mwaka 1738 jicho lake la kulia likaharibika. Mwaka 1741 alihamia Berlin, katika ufalme wa Prussia, akakaa huko miaka 25. Mfalme Frederick alipenda watu wenye maneno matamu na maskhara, naye Euler alikuwa mtu mnyamavu, mcha Mungu, asiyejua mambo ya jumba la kifalme. Mfalme akamdhihaki kwa ajili ya jicho lake, akamfananisha na jitu la hadithi lenye jicho moja. Euler hakuacha kazi kwa ajili ya dhihaka hizo. Lakini mwaka 1766, Malkia Catherine wa Urusi alipomwita tena, alirudi St Petersburg pamoja na jamaa zake.

Hapo ndipo taabu zilipomjia kwa mfululizo. Jicho la kushoto, lililokuwa limebaki, likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 mji ulishika moto, na nyumba yake ikateketea. Fundi mmoja wa kwao Basel, aitwaye Peter Grimm, aliingia ndani akambeba mzee asiyeona, akamtoa salama, na hati zake nyingi zikaokolewa. Mwaka huo huo daktari akampasua jicho kuondoa mtoto wa jicho. Kwa siku chache Euler aliona tena. Kisha jicho likaingia uchafu, likamtesa kwa maumivu makali, na nuru ikatoweka isirudi kamwe. Mwaka 1773 mkewe Katharina akafariki.

Mtu mwingine angeketi akingojea mwisho. Euler aliendelea na kazi. Tangu utoto alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, hata aliweza kulisoma kwa moyo shairi zima refu la Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Sasa kumbukumbu hiyo ikawa daftari lake. Alihesabu kichwani, akasema kwa mdomo, na wanawe pamoja na wanafunzi wake wakaandika. Yasimuliwa kwamba wanafunzi wawili walipojumlisha mfululizo mrefu wa namba wakahitilafiana katika tarakimu ya 50, mzee alifanya hesabu yote kichwani akaonyesha kosa lilipo. Kitabu chake cha Aljebra alimsomea kijana aliyekuwa amejifunza ushonaji, asiyekuwa na elimu ya Hesabu, naye kijana akakiandika. Kitabu kilikuwa wazi hata yule mwandishi akaielewa Aljebra kwa kukiandika tu.

Sasa tuiangalie namba niliyoitaja mwanzoni. Tuseme mkulima wa huku kwetu ameamua kuweka akiba ya uwele katika mwezi wa Januari. Tarehe 1 aweka punje 1 ghalani, tarehe 2 aweka punje 2, tarehe 3 punje 4, tarehe 4 punje 8, na kila siku aweka mara mbili ya zile za jana. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba hizo zaongezeka upesi sana. Jua linapotua tarehe 31, jumla ya punje zilizomo ghalani ni 2,147,483,647 kamili. Swali ni hili: je, kuna idadi yoyote ya watu wanaoweza kugawana punje hizo sawasawa, isibaki hata moja, na kila mtu apate zaidi ya punje moja?

Kama mkulima angeishia tarehe 7, angekuwa na punje 127, na hizo hazigawanyiki, kwa maana 127 ni namba tasa. Kama angeishia tarehe 11, angekuwa na punje 2,047, na watu 23 wangepata punje 89 kila mmoja. Mwezi wa siku 30 waleta jumla inayogawanyika kwa 3, na Februari ya siku 28 vivyo hivyo. Hata Februari ndefu ya siku 29 yaleta jumla ambayo watu 233 waweza kugawana sawasawa. Je, mwezi wa siku 31?

Mwitalia Pietro Cataldi, katika kitabu cha mwaka 1603, na mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne, mwaka 1644, walisema kwamba namba hii ni tasa. Lakini hawakuacha uthibitisho, na katika orodha zao mlikuwamo pia namba zilizokuja kuonekana si tasa. Basi neno lao halikutosha.

Njia iliyo wazi kwa kila mtu ni kujaribu. Vigawo huja wawili wawili, kama 3 na 4 katika 12, na kimoja kati ya hivyo viwili lazima kiwe kidogo. Kwa kuwa 46,341 mara 46,341 yapita namba yetu, kigawo kilicho kidogo, kama kipo, hakiwezi kupita 46,340. Kwa hiyo yatosha kujaribu namba tasa zote zilizo chini ya hapo. Lakini namba hizo ni zaidi ya 4,700! Anayegawanya kwa mkono namba ya tarakimu kumi mara 4,700 atachoka, na akichoka atakosea.

Euler alifikiri kwanza. Alijua kanuni mbili juu ya jumla za namna hii. Ya kwanza yasema: ikiwa idadi ya siku ni namba tasa isiyo 2, kila kigawo kilicho tasa kikigawanywa kwa idadi ya siku, hubaki 1. Ya pili yasema: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8, hubaki 1 au 7. Tuzipime kwa zile siku 11. Vigawo vilikuwa 23 na 89. Gawanya 23 kwa 11, hubaki 1. Gawanya 89 kwa 11, hubaki 1. Gawanya 23 kwa 8, hubaki 7. Gawanya 89 kwa 8, hubaki 1. Kanuni zote mbili zimesimama.

Kwa siku 31, kanuni hizo zikiunganishwa zatuambia hivi: kigawo chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Chini ya 46,340 namba za namna hiyo ni 373 tu, ukiiacha 1 yenyewe. Na nyingi kati ya hizo huanguka mara moja kwa kuwa zenyewe si tasa, kama 63, ambayo ni 7 mara 9, au 249, ambayo ni 3 mara 83. Zilizobaki hazifiki hata 100. Ya kwanza ni 311. Mwanafunzi anayependa na ajaribu: 2,147,483,647 kwa 311 hubaki 35. Zilizofuata nazo zilibakiza. Hakuna hata moja iliyoigawanya.

Hivyo mwaka 1772 Euler aliweza kuandika katika barua kwa Bernoulli wa Berlin, mtu wa ukoo ule ule uliomfundisha ujanani, kwamba namba hiyo ni tasa. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo. Na aliyeipatia hakika alikuwa mzee wa miaka 65 asiyeweza kuona hata tarakimu moja ya namba yenyewe. Zaidi ya namba 4,600 alizikataa bila kuzigusa, kwa kuwa kanuni zilimwonyesha kwamba huko hakuna kitu.

Bwana Euler alifanya kazi hadi siku yake ya mwisho. Tarehe 18 Septemba, 1783, alimfundisha mjukuu wake Hesabu, kisha akazungumza na wasaidizi wake juu ya njia ya sayari mpya, Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781. Alasiri akapatwa na kiharusi, akafariki akiwa na umri wa miaka 76. Maandishi aliyoyaacha yalikuwa mengi hata Akademia iliendelea kuyachapisha kwa karibu miaka 50 baada ya kifo chake.

Namba yake nayo ina historia baada yake. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliitumia kuunda namba nyingine iitwayo kamilifu, akasema kwamba kubwa kuliko hiyo haitapatikana kamwe, maana mambo haya yapendeza tu bila kuwa na faida, na hakuna atakayejisumbua. Bwana Barlow alikosea mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba jumla ya siku 127 ni namba tasa, nayo ina tarakimu 39. Mwezi wa Oktoba, 2024, kwa msaada wa kompyuta nyingi, ilitangazwa namba tasa ya utaratibu huo huo yenye tarakimu 41,024,320. Na kuhusu faida, mwaka 1977 wataalamu watatu walitengeneza kufuli ya siri za kompyuta inayosimama juu ya namba tasa kubwa pamoja na kanuni moja ya Euler.

Hata 2,147,483,647 yenyewe imeingia katika mashine. Kompyuta nyingi zilitengenezwa zikiwa na nafasi ya kuandika namba isiyopita hiyo. Baadhi ya saa zake huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na hesabu hiyo itafika kikomo tarehe 19 Januari, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Tanzania. Kabla ya asubuhi hiyo mafundi wapaswa kuzirekebisha saa zote za namna hiyo, zisije zikapotea.

Wasomaji, maisha haya yatufaa nini sisi wa Dodoma? Kwanza, wako kati yetu waogopao somo la Hesabu wakidhani kwamba ni kazi ya kugawanya na kuzidisha hadi mkono uchoke. Euler alitumia akili ili mkono usichoke. Wakati wa maandalio ya usiku, kabla hatujaanza kuandika ukurasa mzima, inafaa tujiulize ni njia zipi haziwezi kuwa na jibu.

Pili, na hili nawaambia hasa wazazi wetu. Katika nyanda hizi kavu za kati ugonjwa wa macho si habari ya mbali. Wilayani Kongwa wataalamu wameuchunguza ugonjwa wa vikope kwa miaka mingi, na wameonyesha faida ya kuwanawisha watoto nyuso. Mtoto wa jicho, aliyemharibia Euler maisha, siku hizi hupasuliwa hospitali na watu wengi wakaona tena. Basi mwenye macho mabaya apelekwe kwa mganga mapema. Na kama nuru imekwisha kabisa, mtoto huyo asifichwe nyumbani kama mzigo. Shule ya wasioona ya Buigiri, katika mkoa wetu huu, imekuwapo tangu mwaka 1950. Mtoto aliyefungiwa ndani hatujui ana akili gani, kwa sababu hakuna aliyempa swali.

Euler alipewa maswali hadi siku yake ya mwisho, na wapo waliokuwa tayari kuyaandika majibu yake. Sisi tuonao tunaweza kuwafanyia wenzetu kazi hiyo ya kuandika.